Nafuu ya kodi na kikomo cha kuchangia pensheni: maswali tunayoulizwa sana na watu wanaokaribia kustaafu

Hii nafuu ya kodi ni nini hasa, serikali inaniongezea hela au?

Sio hela mpya, ni kodi ambayo hukatwi leo. Tuseme mshahara wako ni 100,000 na unachangia 10,000 kwenye mfuko wa pensheni, kodi itapigwa kwenye 90,000 iliyobaki na sio kwenye laki nzima, kwa hiyo kama shilingi zako za juu zinakatwa 30% basi umeokoa 3,000. Mfukoni mwako zimepungua 7,000 tu lakini kule kwenye mfuko zimeingia 10,000 kamili. Hiyo 3,000 ndo tunaiita nafuu.

Ila naomba uishike vizuri hii, sehemu nyingi hiyo kodi haijafutwa, imesogezwa mbele, unakuja kuilipa siku unapochukua pensheni. Ukijua hilo toka mwanzo maamuzi yako yanabadilika kabisa, na karibu majibu yote huku chini yanarudi hapo hapo.

Inakuja yenyewe au lazima niombe?

Inategemea mchango wako unakatwa wapi, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela bila kujua.

Njia ya kwanza, mwajiri anakata mchango kabla hajapiga kodi. Chukua slipu yako ya mshahara uiangalie sasa hivi, tafuta mstari wa mchango wa pensheni alafu tafuta mstari wa mapato yanayotozwa kodi, kama mapato yanayotozwa kodi ni mshahara ghafi ukitoa mchango basi nafuu umeshapata na huna cha kudai. Kama namba ni ile ile ya mshahara ghafi wakati mchango umekatwa, hapo kuna shida, nenda kaulize watu wa mishahara leo leo.

Njia ya pili ni ya Uingereza kwa baadhi ya mifuko, unaweka pauni 80 na mfuko unaidai serikali pauni 20, kwenye akaunti yako inasoma 100. Lakini kama wewe unalipa kodi ya ngazi ya 40%, hiyo 20 ni nusu tu ya haki yako, nusu nyingine lazima uidai mwenyewe kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, au uwaandikie watu wa kodi. Kuna watu wamechangia miaka na miaka hawajawahi kuidai, inauma.

Njia ya tatu, umelipa kwa hela ambayo tayari imekatwa kodi, mfano umetuma mwenyewe kutoka benki kwenda kwenye mfuko binafsi, hapo unadai kwenye ritani ya mwisho wa mwaka na unahitaji cheti cha michango kutoka kwenye mfuko. Usisubiri wakutumie, wengine hawatumi mpaka uombe.

Nikikokotoa nafuu natumia asilimia gani? Mimi naona kodi yangu yote ni kama 18% ya mshahara

Usitumie hiyo 18%, hiyo ni wastani. Mchango unatoka juu ya mshahara, unakula ile ngazi ya juu kabisa kwanza.

Mfano wa namba rahisi: ngazi ya 30% inaanzia 80,000, chini yake ni 20%. Unapata 90,000 na unachangia 15,000. Zile 10,000 za kwanza zinakuokolea 30%, yaani 3,000, zile 5,000 zinazofuata zimeshaingia kwenye ngazi ya chini zinakuokolea 20%, yaani 1,000, jumla 4,000. Sasa ungechangia 10,000 mwaka huu na zile 5,000 ukazisubirisha mwaka ujao, zote 15,000 zingekaa kwenye 30% na ungeokoa 4,500, mradi kikomo cha mwaka ujao, yaani kiasi cha juu cha mchango kinachopata nafuu, bado kina nafasi. Tofauti ni 500 kwa kubadilisha tarehe tu. Weka sifuri mbili mbele uone inavyokuwa kwa mtu mwenye kiinua mgongo kikubwa.

Kwa nini wanaweka kikomo? Si wangetuacha tuweke akiba

Kwa sababu bila kikomo mwenye kipato kikubwa angeweza kusukuma karibu mshahara wote kwenye pensheni na asilipe kodi kabisa, na anayepata nafuu ya 40% au 45% ananufaika kuliko yule wa 10%. Mimi naona kikomo ni sawa, tatizo langu ni kwamba hakielezwi, mtu anakuja kukijua akiwa na miaka 58.

Sasa hicho kikomo kinahesabiwaje?

Kila nchi na yake ila maumbo ni machache. Kuna kikomo cha asilimia ya mshahara, kuna kikomo cha kiasi maalum, na kuna mchanganyiko ambapo kinachukuliwa kilicho kidogo.

Kenya ni mchanganyiko: nafuu inatolewa kwenye kiasi kidogo kati ya vitatu, ulichochangia kweli, 30% ya mapato yako yanayohesabiwa kwa ajili ya mchango wa pensheni, au shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo 30,000 ilianza mwishoni mwa Desemba 2024, kabla ya hapo ilikuwa 20,000 kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayepata 80,000, asilimia 30 yake ni 24,000 na hicho ndo kikomo chake, hiyo 30,000 haimhusu. Anayepata 200,000, asilimia 30 ni 60,000 lakini anakwama kwenye 30,000. Na mchango wa lazima wa NSSF unaingia humo humo, usiuhesabu pembeni.

Afrika Kusini Machi 2016 waliweka 27.5% ya kipato, na wakati huo isizidi randi 350,000 kwa mwaka. Kanada ni 18% ya kipato cha mwaka uliopita na juu yake kuna kiasi cha mwisho kinachobadilika kila mwaka. Uingereza toka Aprili 2023 ni pauni 60,000 kwa mwaka, na wenye vipato vikubwa sana wanapunguziwa taratibu. Marekani kwenye mpango wa kazini wa 401(k) mwaka 2025 ilikuwa dola 23,500 kutoka mfukoni kwa mfanyakazi.

Swali la kuuliza kila mara: je mchango wa mwajiri unahesabiwa kwenye kikomo changu? Uingereza unahesabiwa, wako na wake vyote kwenye 60,000. Marekani ile 23,500 ni yako peke yako, mwajiri yuko kwenye kikomo kingine kikubwa zaidi. Nimeona watu wawili wanabishana kila mmoja yuko sahihi, kumbe kila mtu anaongelea nchi yake.

Mwaka jana sikutumia kikomo chote, je nimepoteza?

Sehemu nyingi ndio, umepoteza. Mwaka wa kodi ukifunga, nafasi uliyoiacha imeenda, na kule ambako kikomo ni cha mwezi na unakatwa kupitia mshahara, kila slipu inayopita bila mchango ni nafasi iliyopita. Ndo maana nasema pensheni haisubiri hela nyingi ije, inataka hela kidogo ianze.

Wengine wana roho nzuri kidogo. Uingereza unaweza kurudi miaka 3 nyuma, kwanza unamaliza kikomo cha mwaka huu alafu unaanza na ule mwaka wa zamani zaidi kwa sababu ndo unaokaribia kuisha muda, ila lazima ulikuwa mwanachama wa mfuko fulani miaka hiyo na mchango wako binafsi wa mwaka huu hauwezi kupata nafuu zaidi ya kipato chako cha mwaka huu. Kanada nafasi isiyotumika inabebwa tu mbele mwaka hadi mwaka, mpaka mwisho wa mwaka unaofikisha miaka 71.

Nina miaka 52, sina kitu cha maana kwenye mfuko, nimechelewa?

Hujachelewa kuanza, ila umeingia kwenye kipindi ambacho mpangilio una uzito kuliko kiasi, kwa hiyo nitaenda polepole hapa.

Jambo la kwanza, miaka yako kati ya 50 na 60 kwa wengi ndo miaka ya mshahara mkubwa kuliko yote, maana yake ndo miaka unayokatwa kodi ya juu, maana yake kila mia unayochangia sasa inakurudishia nafuu kubwa kuliko ulipokuwa na miaka 30. Hiyo ni nguvu yako, itumie.

Jambo la pili, tawanya. Watu wanapenda kusema "nitauza kile kiwanja mwaka wa mwisho niweke yote kwenye pensheni". Tuseme kikomo ni 300,000 kwa mwaka na una 900,000 ya kuweka. Ukiiweka yote mwaka mmoja unapata nafuu kwenye 300,000 tu na zile 600,000 zimeingia bila nafuu. Ukiigawa miaka mitatu, 900,000 yote imepata nafuu, na kwa kiwango cha 30% hapo unaongelea 270,000 dhidi ya 90,000. Hela ni ile ile jamani.

Kama hiyo hela iko mkononi leo na unaogopa kuila, kuna njia nzuri: iache kwenye akiba yenye riba, alafu ongeza asilimia ya mchango unaokatwa kwenye mshahara mpaka ifike kikomo, na lile pengo kwenye neti yako, yaani mshahara unaobaki mkononi, uwe unaliziba kutoka kwenye ile akiba kila mwezi. Mwaka unaisha hela ya kiwanja imehamia kwenye mfuko kwa kupitia mshahara wako na imebeba nafuu yote. Kuna mama mmoja nilikaa naye tukaandika kwenye karatasi mwezi kwa mwezi, miezi 36, safu ya mchango, safu ya neti, safu ya akiba inayopungua, akaibandika ndani ya mlango wa kabati na kila siku ya mshahara akawa anakata mstari mmoja.

Jambo la tatu, uliza kama nchi yako ina nyongeza ya umri. Marekani ukifika 50 unaruhusiwa kuongeza kwenye 401(k), mwaka 2025 nyongeza hiyo ilikuwa dola 7,500, na kuanzia mwaka huo wenye miaka 60 hadi 63 wakapewa kubwa zaidi, 11,250.

Mwajiri anasema nikiongeza mchango na yeye anaongeza, nikubali?

Kubali leo. Hiyo ni ya kwanza kabla ya hesabu yoyote ya kodi.

Nimezidisha kikomo, nitakamatwa?

Hukamatwi, lakini inagharimu. Marekani kwenye akaunti binafsi ya IRA ziada inatozwa 6% kila mwaka mpaka uitoe. Kanada ukizidi kikomo kwa zaidi ya dola 2,000 unatozwa 1% kwa mwezi. Uingereza ziada inaongezwa kwenye kipato chako na unalipa kodi kama vile haikuwahi kuingia kwenye pensheni. Kwingine hakuna faini, unanyimwa tu nafuu kwenye ziada, ila angalia, kama hakuna kumbukumbu hiyo ziada inaweza kutozwa kodi mara mbili, umeweka hela iliyokwisha katwa kodi na siku ya kuitoa wanaikata tena kama nyingine. Tunza barua na slipu zinazoonyesha michango ambayo haikupata nafuu, zitunze mpaka unastaafu.

Wanaozidisha mara nyingi sio matajiri, ni waliobadilisha kazi katikati ya mwaka au wenye kazi mbili. Kaka mmoja alihama kazi mwezi wa saba, mwajiri wa zamani alikuwa ameshamkata karibu kikomo chote, mwajiri mpya hakujua akaanza upya kuanzia sifuri, watu wote wawili wa mishahara walifanya kazi yao sawasawa na bado mwisho wa mwaka jumla ikazidi kwa sababu hakuna aliyejumlisha. Anayeweza kujumlisha ni wewe tu. Siku unayoripoti kazi mpya peleka slipu ya mwisho ya kule ulikotoka.

Kwa hiyo mwishoni kodi inanisubiri? Faida iko wapi sasa?

Swali zuri kuliko yote, nipe dakika.

Chukua 1,000, kodi 30%, na tuseme mpaka unastaafu hela inakuwa mara mbili. Ukichukua mshahara wako, ukakatwa kodi, ukabaki na 700 ukaiweka mahali ambapo faida haitozwi kodi, inakuwa 1,400. Ukiiweka 1,000 nzima kwenye pensheni inakuwa 2,000, ukitoa unakatwa 30%, unabaki na 1,400. Sawa sawa! Yaani kama kiwango cha kodi ni kile kile mwanzo na mwisho, nafuu yenyewe haijakutajirisha.

Faida inatoka sehemu tatu. Moja, kiwango cha kodi kinashuka ukistaafu kwa sababu kipato kimeshuka, kwenye mfano wetu ukitoa kwa 15% unabaki na 1,700 badala ya 1,400. Mbili, akiba ya kawaida faida yake inakatwa kodi kila mwaka na ndani ya mfuko wa pensheni mara nyingi haikatwi, hiyo kwa miaka 15 inaleta tofauti kubwa. Tatu, nchi nyingi zinasamehe sehemu ya mwisho: Uingereza robo ya mfuko inatoka bila kodi kwa wengi, isizidi pauni 268,275, na Kenya toka mwisho wa 2024 mafao yanayolipwa mtu akifika umri wa kustaafu kutoka mifuko iliyosajiliwa hayatozwi kodi ya mapato.

Ukiona hivyo utaelewa pia kinyume chake: kijana mwenye mshahara mdogo na kodi ya 10% anayetegemea kupanda sana, nafuu ya leo kwake ni ndogo, anaweza kufaidika na mpango wa kulipa kodi sasa na kutoa bure baadaye kama upo kwenye nchi yake, kwa Marekani ndo zile akaunti za Roth. Lakini mtu wa miaka 55 kwenye ngazi ya juu, chukua nafuu sasa.

Na usitoe mkupuo mkubwa mwaka mmoja kama unatozwa kodi, mkupuo unakurusha kwenye ngazi za juu na ile faida ya kushuka kiwango yote inayeyuka. Ukiweza, sogeza mkupuo uingie mwaka wa kodi unaofuata baada ya kuacha kazi, mwaka ambao huna mshahara.

Naweza kutoa kabla ya muda nikikwama?

Sheria nyingi zimekaza. Marekani kabla ya miaka 59 na nusu kuna kodi ya kawaida na juu yake 10%, ingawa kuna sababu zinazosamehewa. Uingereza mlango unafunguka ukiwa na 55, na toka tarehe 6 Aprili 2028 unakuwa 57, ukitoa kinyume na sheria kodi inaweza kufika 55%. Anayekupigia simu kwamba anaweza kukutolea mapema bila kodi, kata simu.

Kitu kingine hakisemwi sana: kuanza kutoa kunaweza kushusha kikomo chako. Uingereza ukishaanza kuchukua kwa njia ya kuchota kidogo kidogo zaidi ya ile robo isiyo na kodi, kwenye mifuko ya akiba kikomo kinashuka kutoka 60,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Kama bado unafanya kazi na unataka kuendelea kuchangia, usiguse bila kuuliza kwanza.

Nina mkopo wa riba kubwa, nilipe deni au nichangie?

Chukua mchango wa mwajiri wote, alafu maliza deni la riba kubwa, alafu ndo upandishe mchango hadi kikomo. Nafuu ya 30% unaipata mara moja, riba ya deni inakula kila mwaka. Na acha miezi kadhaa ya matumizi nje ya pensheni, kwa sababu hela ya kwenye mfuko huwezi kuichota mtoto akiugua usiku.

Mimi na mwenzangu tunaweza kutumia kikomo kimoja?

Kila mtu na chake. Kama mmoja wenu anakatwa kodi ya juu na mwingine ya chini, jazeni kikomo cha yule wa juu kwanza, ila msimwache mwenzenu na mfuko mtupu, ndoa na uhai vyote vina mwisho. Uingereza hata asiye na kipato anaweza kuweka pauni 2,880 kwa mwaka na ikasoma 3,600.

Kikomo kikibadilishwa nikiwa katikati ya mpango je?

Kitabadilika, panga ukijua hivyo. Uingereza mwaka wa kodi wa 2010/11 kikomo kilikuwa pauni 255,000, mwaka uliofuata kikawa 50,000, mwaka 2014 kikashuka 40,000, alafu 2023 kikapanda 60,000, na kile kikomo cha jumla ya maisha kilichoanza 2006 kikafutwa Aprili 2024. Aliyekuwa anasubiri mwaka wa mwisho aweke mkupuo mwaka 2011 alikuta mlango umebaki upenyo.

Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, bajeti ikisomwa na miezi miwili kabla ya mwaka wa kodi kufunga, kaa chini na slipu zako zote, jumlisha ulichochangia, pamoja na cha mwajiri kama nchi yako inakihesabu, toa kwenye kikomo, gawanya kilichobaki kwa miezi iliyobaki, alafu peleka hiyo namba kwa maandishi kwa watu wa mishahara mapema, maana mwezi wa mwisho wana foleni na wakikuambia mabadiliko yataanza mwezi ujao, mwezi ujao ni mwaka mwingine.